Mkwe wa Kwenye Kamba

Tangu asubuhi Kidoti alikuwa akiomba mambo mawili tu: mama yake asighairi kabla ya kufika ghorofa ya ishirini na saba, na Buibui asionekane dirishani. Ombi la kwanza lilikubaliwa kwa mbinde. La pili halikusikilizwa kabisa.

"Tumefika ya ngapi?" aliuliza mama yake. Macho ameyafumba, mgongo ameubana kwenye ukuta wa lifti ya mizigo, mikono imekumbatia furushi la mapazia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Ya nne, Mama."

"Ya nne tu? Mbona roho yangu imeshafika juu inatusubiri?"

Kidoti alicheka. Jina hilo la Kidoti alibandikwa tangu utotoni kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyokaa chini ya jicho lake la kushoto, na sasa, akiwa na miaka ishirini na sita, hata wateja hawakujua kwamba alikuwa na jina jingine. Yeye na mama yake walikuwa mafundi wa mapazia. Duka lao la vyerehani viwili lilikaa ng'ambo ya barabara, kati ya kinyozi na muuza misumari, likitazamana na lango la mnara huu. Jengo lilipokuwa likijengwa, mtaa mzima ulikula vumbi kwa miaka mitatu. Lilipokamilika, likasimama jeupe pee, ghorofa thelathini na mbili, bwawa la kuogelea juu ya paa, maua kwenye ukumbi wa mapokezi mazuri kiasi kwamba hujui kama ni ya kweli mpaka uyaguse, na kuyagusa hairuhusiwi. Wapangaji wakaanza kuingia. Na mpangaji anayeishi nyumba ya vioo vitupu, kitu cha kwanza anachokumbuka usiku wake wa kwanza ni pazia.

Kazi zikamiminika. Lakini katika miezi yote hiyo mama hakutia mguu ndani ya jengo. Yeye alishona chini, Kidoti akapanda kupima na kutundika pamoja na jirani yao aliyekuwa mwepesi wa ngazi. Leo jirani goti limemvimba. Na mapazia ya leo hayakuwa ya kungoja: mpangaji wa ghorofa ya ishirini na saba, rubani wa kike, alikuwa anatua saa kumi jioni na alitaka ayakute yamening'inia.

"Mikunjo ile nimeishona kwa mkono," mama alikuwa amesema. "Haitatundikwa na mtu wa kuokota barabarani." Kauli ikawa imeshamtoka. Akabaki anaitazama lifti kama mtu aliyejichongea mwenyewe.

Hofu yake haikuwa ya kuzaliwa nayo. Miaka tisa iliyopita mumewe, fundi wa kuezeka, aliteleza kwenye paa la nyumba ya kawaida kabisa, mchana kweupe, na hakuamka. Tangu siku ile mama hakupanda chochote kilichozidi ghorofa mbili, na hata balbu ya dukani ilipoungua alisubiri mtu mwingine aje aibadilishe.

Mlango wa lifti ulifunguka. Kidoti akamshika mkono, akamwongoza kwenye korido yenye zulia lililomeza sauti za hatua zao, akafungua mlango kwa ufunguo aliopewa na mpokezi.

Sebule ilikuwa pana, tupu bado, na upande mzima wa mbele ulikuwa kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Nje ya kioo kulikuwa na anga. Chini kabisa, mtaa wao: mapaa ya bati na ya vigae, shule ya msingi na uwanja wake mwekundu, magari madogo kama vifungo vya shati.

Mama aliangalia mara moja tu, akarudi nyuma hadi mgongo ukagota kwenye mlango wa jikoni.

"Hii ni nyumba au ni kabati la vyombo?"

"Ni nyumba, Mama."

"Na mtu analala humu, anavua nguo, anakula, huku hana ukuta?"

"Ndiyo maana wametuita sisi."

Jibu hilo lilimpendeza. Alitoa pumzi, akajifunga leso kichwani vizuri, akatangaza kwamba yeye atakaa upande huu wa chumba, atatia kulabu na kunyoosha mikunjo kwa pasi ya mvuke, na mambo ya kusogelea kile kioo atayafanya mwenye umri wa kuyafanya.

Ilimfaa sana Kidoti. Alisimamisha ngazi, akachungulia nje kwa jicho la wizi, kulia, kushoto, juu. Hakuna kamba. Moyo ukatulia. Buibui alikuwa amemwambia jana kwamba leo zamu yao ni upande wa bustani, nyuma ya jengo.

Buibui alikuwa mwosha vioo. Walijuana miezi minne iliyopita, ghorofa ya kumi na nne, yeye ndani akipima dirisha, yule kijana nje akiteremka taratibu juu ya kamba zake na ndoo ya sabuni kiunoni. Kijana alimwona, akavua kofia ngumu, akainama kama mtu anayebisha hodi. Kidoti alicheka hadi kalamu ikamponyoka. Kijana akaandika namba yake ya simu kwa povu la sabuni. Ila aliiandika kwa upande wake, na Kidoti akaisoma kwa upande wa pili, mbili ikawa tano na mpangilio wote ukageuka. Jioni alipopiga alipokewa na mke wa mwalimu mstaafu aliyemhoji robo saa nzima anatafuta nini kwa mume wa mtu. Wiki iliyofuata alimwandikia Buibui kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo: *Nimetukanwa kwa ajili yako. Andika upya.* Mapenzi yao yakaanzia hapo, na tangu hapo hayakupumzika.

Wiki tatu zilizopita ndipo alipojipiga moyo konde akamweleza mama.

"Anafanya kazi gani?" mama aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Anaosha vioo. Vya maghorofa."

"Kwa ndani?"

"Kwa nje, Mama."

Cherehani ikanyamaza. "Huko nje anasimama juu ya nini?"

Kidoti alimeza mate. "Hasimami. Ananing'inia. Kwa kamba."

Mama alikata uzi kwa meno, akakunja kitambaa, akakiweka pembeni. "Usinitajie jina lake," alisema polepole. "Usinionyeshe picha yake. Usiniambie anacheka vipi wala anatoka kwa nani. Mtu nisiyemjua sitamlilia." Na mazungumzo yakaishia hapo, kama taa iliyozimwa.

Sasa Kidoti alikuwa juu ya ngazi, pazia la kwanza mkononi, zito, rangi ya kijivu kama njiwa, wakati kivuli kilipopita usoni mwake. Aliinua macho.

Jozi ya viatu. Kisha suruali ya bluu. Kisha ndoo. Kisha uso aupendao kuliko nyuso zote duniani, umejaa tabasamu sikio kwa sikio. Kumbe zamu zilikuwa zimebadilishwa.

Kijasho chembamba kilimtoka. Mama alikuwa ameingia jikoni kujaza maji kwenye pasi. Kidoti akamkodolea Buibui macho, akatikisa kichwa, akapunga mkono, ondoka, ondoka. Buibui alidhani anasalimiwa. Alichovya brashi yake, akapaka povu kwenye kioo, na kwa kidole, kwa makini, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, akachora moyo mkubwa wa kupendeza.

Kidoti alielekeza kidole jikoni. Akaunda maneno kwa midomo, bila sauti: *Mama! Mama yangu!*

Buibui alikunja uso. *Nini?*

*Ma-ma!*

Rangi ilimtoka kijana wa watu. Wakati huohuo mama alitokea mlangoni na pasi mkononi. Buibui, kwa kasi ya mtu anayeokoa maisha yake, aliongeza mkia kwenye ncha ya ule moyo, akautia jicho moja na mapezi mawili.

Mama alisimama tuli.

"Kuna mtu huko nje."

"Ni mwosha vioo, Mama. Wanakuja mara kwa mara. Usimwangalie, tuendelee na kazi."

"Amechora nini huyo?"

"Samaki."

"Samaki?" Mama aliinamisha kichwa upande mmoja. "Kwa nini amechora samaki?"

"Sijui, Mama. Labda ana njaa."

Kidoti aligeukia pazia, akaingiza kulabu kwa haraka, akajichoma kidole. Nje Buibui alifuta samaki wake kwa mpira wa kufutia, akarekebisha kofia, akaanza kuosha kioo kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha tangu aajiriwe. Alipaka, akavuta mpira kutoka juu hadi chini, akafuta ukingo kwa kitambaa, hakuthubutu kuangalia ndani.

Mama hakurudi kwenye pasi yake.

"Pale kwenye kona bado," alisema.

"Ataona mwenyewe."

"Haoni. Jua limempiga machoni." Mama aliinua mkono, akaashiria kona. Buibui, aliyekuwa akijifanya haoni, aliona mara moja. Akafuta kona. Mama akaashiria doa jingine, juu zaidi. Akafuta. Mama akaashiria la tatu, ambalo Kidoti alikuwa na hakika halipo. Buibui akalifuta hilo hilo lisilokuwepo, mara mbili, kisha akapiga saluti.

Mama alicheka. Kicheko kifupi tu, cha puani, lakini Kidoti alikisikia vizuri sana na almanusura aanguke kutoka kwenye ngazi. Alikuwa hajamsikia mama yake akicheka karibu na dirisha kwa miaka tisa.

"Ana adabu," mama alisema. "Muulize kama amekula."

"Mama, hatasikia. Vioo hivi havifunguki."

"Muulize kwa mikono."

Kidoti akamuuliza kwa mikono, uso unamwaka. Buibui akajipapasa tumbo, akaonyesha saa, akanyoosha vidole viwili: bado saa mbili. Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaonyesha kwamba amekonda. Buibui akakunja mkono kuonyesha misuli. Mama akapunga mkono kama anayefukuza nzi, misuli gani hiyo. Wakaendelea hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, wakisutana na kutaniana kama watu wa nyumba moja, huku Kidoti akitundika pazia la pili, la tatu, akijichoma kidole tena, na ndipo alipogundua jambo lililomfanya ashikilie ngazi kwa mikono miwili.

Mama yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kioo. Amekifikia mwenyewe, kidogo kidogo, akifuata madoa. Hakuwa akijua.

Upepo ulikuja wakati huo. Haukupiga kelele, ila mapaa ya bati huko chini yalimetameta na karatasi ikapaa juu ya uwanja wa shule. Kamba za Buibui zikatikisika. Akasukumwa kutoka kwenye kioo, mita nzima, akazunguka nusu, mgongo ukawa kwao, na chini ya viatu vyake hapakuwa na kitu isipokuwa barabara.

"Mwanangu!"

Mama alikuwa ameruka. Viganja vyote viwili vilikuwa juu ya kioo, paji la uso juu ya kioo, na ile sauti ilikuwa imetoka tumboni.

Buibui akarudi taratibu, akapokea ukuta kwa miguu yake kama mtu anayekanyaga kizingiti. Alimwona mama. Aliona uso ulivyokuwa. Hakutabasamu wala hakupiga saluti. Aligusa kamba ya kwanza, akamwonyesha. Akagusa ya pili, akamwonyesha. Akanyoosha vidole viwili. Kisha akanyoosha kiganja chake mbele ya kioo ili akione: kilikuwa kikitetemeka. Akaelekeza kidole juu, kwenye upepo, akatikisa kichwa, hapana. Akasema kitu kwenye redio iliyokuwa begani, na akaanza kushuka, taratibu, ghorofa baada ya ghorofa, nusu ya kioo ikibaki na povu.

Mama alimfuata kwa macho hadi alipokanyaga lami. Ilibidi atazame chini kabisa ili amwone, na alitazama. Kisha akageuka, akakaa sakafuni palepale, miguu ameinyoosha.

"Mwite," alisema.

"Nani, Mama?"

"Huyo wako."

Kidoti alishuka ngazi. "Ulijua?"

"Mwanangu, wewe hujajichoma kidole tangu una miaka kumi na miwili. Leo umejichoma mara mbili." Mama alijifuta uso kwa leso. "Halafu samaki gani ana umbo la moyo? Mimi nimezeeka, sijapofuka."

"Ulijua tangu mwanzo, ukamfutisha madoa yasiyokuwepo?"

"Nilitaka nione ana subira kiasi gani. Mwite, nimesema, kabla sijabadili mawazo."

Dakika kumi baadaye mlango ulibishwa hodi. Buibui alisimama pale akinuka sabuni, kofia ngumu kwapani, mkanda wa usalama bado mwilini na vyuma vyake vikigongana. Mtu aliyezoea ghorofa thelathini na mbili alionekana ameshindwa kuvuka kizingiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia, huku ndani hakuna upepo." Mama hakuinuka sakafuni. Alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini, kama anavyopima kitambaa kabla ya kuuliza bei. "Wanakuitaje?"

"Buibui, Mama."

"Yule wa ukutani au lile la kuvaa?"

"Wa ukutani, Mama."

"Nilidhani hivyo. Keti." Akaketi. Kidoti alibaki amesimama kati yao, hajui mikono yake aiweke wapi. "Niambie. Upepo ule haukuwa mkubwa. Wenzako wawili kule pembeni nimewaona wanaendelea na kazi. Wewe kwa nini umeshuka?"

Buibui alimtazama Kidoti, kisha akaangalia viatu vyake.

"Niliogopa, Mama."

Kidoti alifumba macho. Katika majibu yote ambayo mwanamume anayeposa angeweza kumpa mama mkwe, hilo ndilo alilochagua.

"Uliogopa."

"Sana. Siyo leo tu. Naogopa kila siku." Sasa maneno yalikuwa yameanza kumtoka, hayazuiliki. "Wenzangu wananicheka. Asubuhi wao wanakagua kamba mara moja, mimi mara tatu. Nakagua fundo, nakagua chuma, natoka, narudi nakagua tena. Upepo ukibadilika mimi nashuka, hata msimamizi akinuna. Yeye anasema mimi nitakufa kwa uzee huku bado nakagua mafundo." Akainua macho. "Samahani, Mama. Najua ulitaka kusikia kwamba mimi ni shujaa. Siyo kweli, na siwezi kuanza kwa kukudanganya."

Mahali fulani chini lori lilipiga honi, likasikika kwa mbali kama mdudu.

"Baba yake huyu," mama alisema mwishowe, "hakuwa na hofu hata chembe. Alitembea juu ya paa kama anatembea sebuleni. Siku ile nilimwambia, jifunge kamba. Akacheka. Akasema paa lenyewe fupi kama kiti, watu watamwonaje." Aliichezea leso vidoleni. "Msibani kila aliyesimama alimsifu kwa ushujaa wake. Na mimi nimekaa pale nasema moyoni, laiti ningeolewa na mwoga."

"Mama," Kidoti alinong'ona. Hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Alipiga magoti, akamshika bega.

"Niache, sijalia bado." Mama alivuta pumzi, akamnyooshea Buibui mkono. "Huo mkanda. Uvue, nipe."

Buibui aliuvua. Mama alivaa miwani yake, akauleta mkanda karibu na pua, akaanza kuukagua mshono baada ya mshono, akiuvuta, akiukunja, akiupitishia ukucha. Alikagua kama mtu aliyeshona maisha yake yote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Nani ameshona hii?"

"Kiwanda, Mama."

"Kiwanda kimejitahidi. Mshono wa kurudia, uzi mnene, mwisho wake umefungwa." Ghafla ukucha ukasimama. "Na hapa? Hapa uzi umechoka."

"Hicho ni kitanzi cha kuning'inizia brashi, hakinibebi mimi. Nilikiona asubuhi." Buibui alisogea, akageuza kitanzi upande wa pili. Kulikuwa na alama ya wino mwekundu na tarehe ya leo. "Nimeshawaandikia stoo. Kesho nabadilishiwa mkanda mzima."

Mama aliitazama ile alama nyekundu kwa muda. Alivua miwani.

"Umekiona kabla yangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa chenga na akafurahi.

"Mama," Buibui alisema, sasa naye amepiga magoti mbele yake, "mimi ninampenda binti yako."

"Hilo umeliandika kwa sabuni, nimelisoma. Sema nisilolijua."

Buibui alifikiri. "Mwakani nafanya mtihani wa ukaguzi wa kamba. Nikifaulu nitakuwa chini muda mwingi zaidi, nakagua vifaa vya wenzangu. Lakini sitaki kukuahidi kwamba sitapanda tena. Nitapanda. Ninaipenda kazi hii, Mama. Asubuhi nikiwa huko juu naona mtaa wote unaamka. Namwona binti yako anafungua duka. Namwona anafagia mlangoni, anaongea na kinyozi, anamcheka. Ninachoweza kuahidi ni kwamba kila jioni nitashuka."

Kidoti alihisi kitu kinampasuka kifuani, kitamu kama embe. Aligeukia kioo chenye povu lililokauka nusu, ajifute machozi bila kuonekana, ila katika nyumba ya vioo hakuna pa kujificha; Buibui aliyaona, na macho yao yalipokutana, kwa mara ya kwanza mama yake akiwepo, hakuna aliyeyakwepesha.

"Haya, mnakodoleana macho na saa zinakwenda," mama alisema. "Rubani anatua saa kumi. Kuna mapazia mawili bado. Wewe wa ukutani, si una mikono mirefu? Panda."

Wakafanya kazi. Buibui alipanda ngazi, mama akaamuru ngazi ishikwe, na Kidoti akaishika kwa mikono yote ingawa ilikuwa na hatua tano tu. Mama alipitisha mikunjo, akamkemea Buibui kwa kuingiza kulabu kichwa chini, akamsifu kwa kuzirekebisha bila kununa, akasimulia jinsi Kidoti alivyokata sare ya shule akiwa darasa la pili ili amshonee mdoli koti. Kidoti alipinga. Buibui alicheka hadi ngazi ikacheza, na mama akapiga yowe, kisha wote watatu wakaangua kicheko. Saa nane na nusu pazia la mwisho lilitelemka hadi chini, likagusa sakafu pasipo kuilalia hata kidogo, na chumba kile cha baridi kikageuka kikawa nyumba.

"Yametoka vizuri," Buibui alisema kwa upole.

"Yametoka vizuri kwa sababu yamepimwa vizuri," mama alimjibu. "Njoo hapa. Simama wima. Nyoosha mikono."

Alitoa utepe wa kupimia, akauzungusha kifuani mwake, akaupitisha begani hadi kwenye kifundo cha mkono, akanung'unika, akapima tena. Buibui alisimama kama nguzo, hapumui.

"Mama," Kidoti alisema, "unampima nini?"

"Suti. Ya dukani itambana hapa mabegani. Mtu anayening'inia kutwa ana mabega ya peke yake. Shika kalamu, andika. Na wewe kijana, ndugu zako waje wiki ijayo tuzungumze, lakini wapite dukani, siyo huku juu. Leo nimepanda inatosha." Alitaja namba. "Umeandika?"

Kidoti hakuwa ameandika. Alikuwa amesimama na kalamu mkononi, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Na gauni langu, Mama? Utalishona lini na kazi zimetujaa?"

Mama alishuka na utepe hadi kiunoni mwa Buibui, asiangalie upande wa binti yake.

"Lako nilishalikata. Lipo chini ya meza ya kukatia, nyuma ya bitana."

"Lini? Wewe si ulinikataza hata kumtaja?"

"Wiki ileile. Nilikukataza wewe kumtaja mtu wa kamba. Sikujikataza mimi kushona." Akaukaza utepe. "Usiku usingizi hauji, mikono inataka kazi. Nikasema, nguo iwepo. Mwenyewe ajijue."

Kidoti aliangusha kalamu, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, kwa nguvu, uso ameuficha kwenye leso iliyonuka mvuke wa pasi. Mama alijifanya anamsukuma. Hakumsukuma.

Buibui alikuwa bado amenyoosha mikono pande zote mbili, kama alivyoamriwa.

"Mama," aliuliza kwa adabu, "naweza kuishusha sasa?"

"Bado," alisema mama mkwe wake. "Sijamaliza kiuno."